Mshiriki wa Saba

12 Januari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Habari za nyumbani, na cherehani yako imeacha kukohoa? Mimi mzima, ila baridi ya huku imenichana midomo hadi kucheka ni adhabu, na bahati nzuri hakuna cha kunichekesha. Nimepanga chumba juu ya mahali wanapofulia nguo kwa mashine. Zinazunguka kutwa, na kikombe changu cha chai kinatembea chenyewe mezani mpaka nikikamate.

Mama hajaniandikia tangu Oktoba. Najua duka la vyombo halimpi nafasi, na najua yeye na kalamu hawapikiki chungu kimoja, lakini mistari miwili tu? Nimepiga simu kwa kinyozi wa hapo chini. Mara ya kwanza akasema mama amelala. Mara ya pili ametoka. Mara ya tatu akaniuliza mimi ni nani, yeye aliyeninyoa tangu nina meno ya utoto. Kuna nini hapo?

Sasa nina shida na wewe ndiye wa kunitoa. Utafiti wangu unahusu maneno ambayo ukiyasikia tu unakiona kitu chenyewe. Tanakali za sauti, zile tulizokaririshwa shuleni: anguka majini chubwi, anguka mchangani tifu, kimya jii. Sisi tulidhani ni mapambo ya insha. Kumbe dunia imejaa. Mjapani akitaka kusema pamekuwa kimya kabisa anasema shiin. Mkorea anabadili irabu moja tu, na kile kilichokuwa kidogo na chepesi kinakuwa kikubwa na kizito. Wako watu wa misituni, mbali na sisi kuliko unavyoweza kufikiri, ambao kitu kikitumbukia majini wanasema tsupu. Sisi chubwi, wao tsupu, na hatujawahi hata kupeana mikono.

Msimamizi wangu, mzee wa tai za rangi moja, anasema maneno mazuri hayo lakini anataka majibu ya watu hai kutoka kwetu. Watu saba, kabla Aprili haijaisha. Bila hivyo sura nzima inaondolewa na mimi narudia mwaka, na unajua mwaka mmoja nilishaupoteza baba alipofariki.

Kwa hiyo nakutumia kadi za picha. Kanuni ni moja: weka kadi mezani, uliza "ikoje hii?", kisha nyamaza. Usimsaidie mtu hata kwa nyusi. Akikuna kichwa mwache akune. Najua kwako kunyamaza ni mtihani, ila nakuomba.

Anza na mama. Mtu anayegonga kila kikombe kwa ukucha asikie kama kina ufa kabla hajakiuza hawezi kukosa jibu.

Mwanao,
Kidomo


3 Februari

Kwako Kidomo,

Marahaba. Sisi tupo, tunasukuma siku. Cherehani bado inakohoa, na nimeihamishia hapa kwa mama yako pamoja na mapazia ya watu, kwa sababu kwangu wanapaka rangi. Mama yako anakusalimu. Duka limefungwa kidogo kwa matengenezo. Kinyozi mwache, ana wateja wake, usimpigie pigie simu.

Kadi zimefika. Mwanangu, hivi huko ndiko ulikopelekwa? Nchi za watu, baridi ya kuchana midomo, ili uulize jiwe likianguka linasemaje? Ungeniuliza mimi ukiwa jikoni ningekujibu huku napepeta mchele.

Nimewashika watu wanne. Fundi viatu aliuliza ukimaliza utaajiriwa na nani, nikamsogezea kadi. Muuguzi anayepita hapa asubuhi aliuliza kama wanapima macho au akili. Kinyozi alitaka abaki na kadi ya nyoka. Na mwenye nyumba alikuja kwa mambo yake, nikamkalisha.

Ile kadi yenye maumbo mawili, moja lina miiba na jingine limevimba vimba, ambayo unataka waseme lipi ni kitiki na lipi ni bulumbu, imeniudhi zaidi ya zote. Maneno yenyewe umeyabuni, hayapo popote. Nikasema hapa watanicheka. Wote wanne wakaonyesha lile la miiba, wakasema kitiki ndilo hili. Watu hawa hawajawahi kukubaliana hata nani aliacha bomba wazi. Sielewi na sitaki kuelewa.

Majibu yamo ndani. Mama yako sikumpa kadi, anapumzika.

Kula vizuri. Jipake mafuta mdomoni.

Shangazi yako


26 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Midomo imepona, asante. Mashine moja ya kufulia imeharibika na kimya chake ndicho kinanisumbua sasa, nimeshazoea kelele.

Nakuheshimu, na wewe unajua. Lakini majibu haya hayafai. Fundi viatu amesema "mzigo umeanguka pu, jamani". Muuguzi amesema "mzigo umeanguka pu, jamani". Kinyozi vilevile, na mwenye nyumba vilevile. Shangazi, katika ukoo wetu wote na majirani wake, mtu anayemalizia sentensi kwa "jamani" ni mmoja tu. Uliwasaidia. Tena hukuwasaidia, uliwajibia.

Nilisema nyamaza. Sikusema nyamaza kidogo. Mtu akikawia si kwamba hajui, analitafuta neno, na ukimpa lako, lake linarudi lilikotoka na hulipati tena. Hiyo ndiyo kazi yote. Rudia, tafadhali, na uongeze watatu.

Halafu: muuguzi anayepita hapo asubuhi anapita kwenda wapi? Na ni rangi gani hiyo ya kwako isiyokauka? Na duka linatengenezwa nini, lina kuta nne na rafu? Mama anapumzika nini, yeye ambaye hata Jumapili alikuwa anapanga sahani? Nimeuliza vizuri, sasa nauliza vibaya. Nipe mistari miwili kwa mkono wake.

Kidomo


20 Machi

Kidomo,

Marahaba. Hatujambo. Mama yako anakula, analala, juzi alikaa dirishani jua lilipotoka.

Nimerudia kazi yako. Watu sita wamejibu na mimi nimekaa kimya kama ulivyotaka, na nikuambie, heri kushona pazia la ukumbi mzima. Mwenye nyumba alimtazama yule chura wa kwenye kadi mpaka nikadhani amesinzia. Majibu yao utayaona, kila mmoja na lake, hamna "jamani".

Wa saba ni mama mmoja mtu mzima. Jina siandiki, wewe mwenyewe ulisema washiriki hawatajwi majina. Nimeandika alivyosema, sikuongeza wala kupunguza. Hayo yake yasome taratibu, Kidomo. Nakuomba, yasome taratibu.

Mkono wa mama yako unauma, hawezi kuandika kwa sasa.

Shangazi


14 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, na asante kwa hao sita. Safi kabisa, sikutegemea. Msimamizi alisoma jibu la mwenye nyumba kuhusu chura akatabasamu, jambo ambalo wenzangu wamelijadili wiki nzima.

Tatizo ni huyo wa saba. Ama anakutania ama amechoka na kadi zangu. Kila picha anajibu mlio mmoja na basi. Jiwe na maji, "chubwi". Mtu kitandani, "fofofo". Mtu na mzigo, "pu". Pu nini? Nani kaanguka, nini kimetuliwa, kimetuliwa na nani? Katika lugha yetu maneno haya yanafuata kitenzi: anguka pu, lala fofofo, funga ndi. Peke yake ni sauti tupu, hakuna atakayeielewa. Na kwenye kadi ya kikombe ameandikiwa "ting". Kikombe kimekaa tu mezani, hakianguki, hakivunjiki, hakina mlio wowote. Anajitungia.

Nimeshampigia mstari. Naomba umfute huyo na unitafutie mtu mwingine anayesema sentensi nzima, haraka, Aprili inaisha na msimamizi ameniongezea mwezi mmoja tu. Mtu yeyote. Mpe mama, mkono ukiuma mdomo hauumi.

Na kama mama amenikasirikia kwa jambo, mwambie aniambie. Hii ya kunisusa imenichosha. Nalala nayo, naamka nayo.

Kidomo


5 Mei

Kidomo,

Marahaba, kama ulisema shikamoo, maana barua yako niliisoma mara moja nikaikunja.

Leo sina salamu za jirani wala za cherehani. Mtu unayetaka afutwe ni mama yako.

Alianguka dukani mwezi wa Novemba, katikati ya sahani. Kiharusi. Mguu umerudi, anauburuza. Mkono wa kulia bado. Na maneno yaliondoka yote. Hakuna rangi kwangu, hakuna matengenezo dukani, na muuguzi anakuja kwa ajili yake. Kinyozi hakukusahau, hajui kudanganya ndiyo maana akababaika. Na usiniulize kwa nini sikukuandikia. Ulipokuja kumzika baba yako ukapoteza mwaka, mama yako aliniapisha: siku nikiugua mimi, Kidomo asisikie mpaka amalize. Nikaapa kama mjinga. Kiapo hicho nimekaa nacho kooni, nikikuandikia habari za rangi, na wewe kila barua unanibana, na kukujibu siwezi. Umenichosha, mtoto wewe, na yeye kanichosha, na mimi mwenyewe nimejichosha.

Sasa sikiliza hiyo kazi yako ilivyofanyika. Tangu augue hakusema kitu. Akifungua mdomo tu mimi namrukia: chai? maji? mto? Muuguzi naye hivyohivyo. Kila anayeingia humu alikuwa anammalizia, kwa huruma, na yeye anafumba mdomo anageukia ukuta. Siku ile nilikuwa nimekasirishwa na barua yako ya "jamani". Nikasema basi, hata wifi yangu nitampa kadi, idadi itimie. Nikaweka ya jiwe na maji. Nikauliza ikoje hii. Nikanyamaza, kwa hasira tu, nikuonyeshe kwamba naweza. Chai ikapoa mbele yetu. Neno lilikuwa limenijaa mdomoni, nikauma ulimi. Akaitazama kadi, akanitazama mimi, akaitazama tena kadi. Akasema chubwi.

Wazi kabisa, kwa sauti yake ileile. Nikalia, na sijui kanuni zako zinasemaje kuhusu anayeuliza kulia.

Vitenzi hana, Kidomo. Jina langu hana, na lako hana. Hizo unazoziita sauti tupu ndizo alizobakiwa nazo. Akitaka blanketi anasema gubigubi. Akitaka dirisha lifungwe anasema ndi. Mimi naelewa, kinyozi anaelewa, hata mwenye nyumba anaelewa. Asiyeelewa ni msomi wetu. Na kile kikombe, aliinua mkono wa kushoto akaigonga kadi kwa ukucha, ndipo akasema ting. Wewe uliyelelewa nyuma ya kaunta ile umeniandikia kikombe hakina mlio.

Mwisho nikamwekea picha yako, ambayo haimo kwenye kadi zako. Alikaa nayo muda. Akasema ngo ngo ngo, akatazama mlango. Tangu siku hiyo kila mchana anaugeuzia kiti chake.

Nimevunja kiapo na sijutii. Ukitaka kumfuta, mfute. Mimi sitamwambia.

Shangazi yako


25 Mei

Shangazi,

Shikamoo.

Nimekukasirikia na sijui itaisha lini. Tangu Novemba. Mimi huku nahesabu irabu, nadhani mama amenisusa. Nimeandika barua hii mara nyingi na zote zilikuwa za matusi, nikazichana, kwa sababu kila nikifika katikati nakumbuka nani anamwogesha.

Ting. Nilikuwa nikilala chini ya kaunta nikiisikia. Ilikuwa inanibembeleza. Halafu nikaisoma kwenye karatasi nikaipigia mstari.

Mstari ule ulikuwa wa penseli, nimeufuta. Nilimwambia msimamizi mshiriki wa saba anabaki kama alivyosema, na kwamba mimi naondoka. Akaniambia sura isiyokamilika ni mwaka mwingine. Nikamwambia nauchukua. Alivua miwani akaipangusa, hakusema kitu, na kwa mara ya kwanza nikamwona ana kanuni kama yangu.

Nakuja mara tu nikipata nafasi kwenye ndege. Usimwambie mama. Na tafadhali usinipakie rangi nyingine kuta zozote.

Kidomo


9 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini umefika salama na umekuta kwako hakujaliwa na panya, na kwamba kuta zimekauka.

Hapa hujamaliza wiki tangu uondoke na tayari nataka kupasuka. Mama hataki uji wangu. Nikimpa dawa anazificha kwenye soli ya ndala. Anataka duka lifunguliwe, na anavyosema ni ting, ting, ting, tangu asubuhi, mpaka kinyozi amepanda ngazi kuuliza kama tumenunua kengele. Jana nilikubali, tukashuka naye. Niliokota vigae vya zile sahani za Novemba, yeye amekaa kwenye stuli anagonga vikombe kwa kushoto. Vitatu vina ufa. Alinisukumia hivyo vitatu akanitazama kana kwamba nimevivunja mimi.

Msimamizi ameandika. Anauliza kama mshiriki wa saba atakubali kujibu kadi zaidi. Nilimsomea mama barua hiyo. Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, kisha akasema fofofo akaenda kulala. Sijajua nimjibuje mzee wa watu.

Uliniuliza mara nyingi nini kilitokea mlangoni siku niliyofika, wewe ukiwa umekwenda kuchukua dawa, ukarudi ukatukuta tumekaa sakafuni. Nilishindwa kusema. Kwenye karatasi ni rahisi kidogo.

Ufunguo nilikuwa nao. Lakini niligonga, ngo ngo ngo, kwa sababu uliniandikia kwamba ndicho anachosubiri. Ndani kukawa jii. Kisha nikasikia kiti. Kisha mguu ukiburuzwa, ukisimama, ukiburuzwa. Shangazi, mkono wangu ulikuwa tayari na ufunguo kitasani. Nilitaka kufungua, niingie, nimkamate, niseme mama kaa, mama usisumbuke, mama ni mimi. Nikakumbuka nilivyokutukana kwa hilohilo. Nikautoa mkono, nikanyamaza, nikasubiri. Ule ufunguo wa ndani aliuzungusha kwa mkono asiouzoea, ukakwama, akauzungusha tena. Nimesoma vitabu vingi kuhusu kimya na sikujua kinaweza kuuma hivyo.

Akafungua. Alinitazama usoni muda mrefu. Mimi nimejaa maneno hadi hapa, sikutoa hata moja. Midomo yake ikawa inatafuta, inatafuta, nikajua anatafuta jina langu, na nikajua hatalipata. Aliliacha. Akateremsha macho hadi kwenye begi langu, lile kubwa lililonipinda bega, akakunja uso vile alivyokuwa akinikunjia nikirudi shule na viatu vya matope.

"Pu," akasema.

Nikalitua.

Mwanao,
Kidomo